Jogoo Chini ya Kapu

Mimi nilitangulia mdomo. Mama alikuwa akiniambia hivyo kambini Kenya: watoto wengine huzaliwa kwa kichwa, huyu wangu alitoa mdomo kwanza, mwili ukafuata baadaye. "Na ni huo mdomo ulituleta huku," anaongeza, halafu anageuka kuchochea uji. Nilidhani ni mzaha. Kwetu mzaha ulikuwa mboga, siku ambazo mboga yenyewe haipo.

Nilifika darasa la nane, hesabu ikanishika shati. Mama akazikwa kulekule kambini. Vita vilipoisha na wakubwa wakasaini karatasi zao za amani, nikapanda lori na wengine kurudi Juba, mji ambao sikuwa nimeuona hata siku moja lakini kila mtu aliniambia ni kwetu. Nikalala mtaa wa Buluk kwa jamaa wa mbali, na mchana nikawa nachaji simu za watu kwa jenereta pale Hai Cinema. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na kuongea. Waganda wa chapati, Wakenya wa benki, wote nawachekesha mpaka simu zinajaa moto na wao wamesahau kuzichukua.

Basi kulikuwa na ofisi moja mtaa wa Thongpiny, ya mambo ya vijana na vijiji. Mwenye kazi hiyo alikuwa mama mmoja Mkenya, sisi tunamwita madam. Simu yake ndiyo ilimleta kwangu. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia. Ni kijiji ng'ambo ya mto, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari kama barabara imekauka.

"Na huko umebakisha nani?"

"Bibi yangu, mzaa mama. Mimi simjui, yeye hanijui. Tunapendana sana."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akanieleza shida. Vile vijiji vimebaki na wazee watupu. Waliokimbia vita walikimbia wakiwa vijana, na watoto wao wamezaliwa mbali, na sasa wakirudi wanaishia Juba kuendesha bodaboda. Huko nyuma nani atalima, nani atachota maji? Ofisi yake ilitaka vijana wenye asili ya huko warudi wakakae. Itawapa kuku wa kuanzia, na mwisho wa mvua atakuja yeye mwenyewe na wageni wake kuangalia. Kama kuku wamezaa, na kama wazee watasema kwa midomo yao kwamba wanawataka hawa vijana, basi mwaka unaofuata tunapata pampu ya maji na mbegu, tunabaki. Kama sivyo, gari linaturudisha Juba na kijiji kinafungwa kwenye mpango.

"Kwa midomo yao," alisema. "Sitaki mnisemee nyinyi."

Nikamwambia mdomo kwa ukoo wetu hauwezi kuwa shida.

Tulikwenda wawili. Mwenzangu naye alikuwa mtoto wa kijiji hichohicho lakini alikulia kambi ya Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha hukohuko, kinatembea bila viatu. Nyuma ya gari tulikaa na matenga ya kuku waliotoka Uganda pia. "Hawa iko ndugu yangu," akasema, akawapungia mkono.

Tulifika jua likiwa kali, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba sikusikia kitu.

Wacha nieleze vizuri. Kijiji kina kelele zake hata kikiwa kimelala. Mbwa anambwekea mgeni, mchi unagonga kinu, mtu anaita mtu. Pale nyumba za nyasi zilikuwepo, moshi ulikuwepo, watu walikuwepo wamesimama wanatutazama, wazee kwa wazee, lakini ni kama mtu amezima sauti. Hakuna mbwa. Mbuzi wapo, shingoni hakuna kengele. Bibi mmoja alikuwa anasaga mtama kwenye jiwe, na chini ya jiwe ametandika ngozi, na ule mkono wake unakwenda mbele na nyuma kama mkono wa mtu anayemfuta mtoto mgongo. Hata gari lilipozima injini niliona aibu, kama tumeropoka kanisani.

Mwanamke mmoja mfupi akaja mpaka kwangu. Sikumsikia akija, nilimwona tu amefika. Akanishika kidevu, akaangalia mdomo wangu. Si macho, si sura. Mdomo.

"Ni wewe," akanong'ona kwa lugha ya mama.

Huyo ndiye Haboba. Huku kwetu bibi anaitwa hivyo.

Nikatoa mzaha, maana ndiyo dawa yangu ya woga. Nikasema kwa sauti, "Ni mimi, Haboba, umenijua kwa uzuri!" Wazee wote wakainamisha vichwa kwa pamoja, haraka, kama mtu amerusha jiwe juu yao. Hakuna aliyecheka. Haboba akaniwekea vidole viwili juu ya midomo, taratibu, na vidole vyake vilikuwa vinanuka moshi.

Tukaanza maisha. Mwenzangu na mimi tulipewa nyumba moja, jirani na ya Haboba. Tulikuwa tunachota maji mtoni, tunaezeka paa zilizokuwa zinavuja, tunalima. Wazee walitupenda, hilo sikulitilia shaka. Asubuhi tunakuta karanga mlangoni, hatujui nani kaweka. Unakata kuni peke yako, ukigeuka unakuta mzee amesimama nyuma yako na kibuyu cha maji, na hujui amesimama tangu lini. Mwenzangu alisema, "Hawa watu iko na miguu ya paka." Walipokwenda shambani walikwenda mstari mmoja, na kila mmoja anakanyaga pale alipokanyaga wa mbele. Ukiangalia nyuma yao unaona alama za mtu mmoja.

Jumapili ndiyo iliniweza. Kanisa lilikuwa nguzo na nyasi. Mzee anayesalisha alisimama mbele, akainua mikono, na watu wakaimba. Yaani midomo ilikwenda, vifua vilipanda na kushuka, macho yamefumbwa, na hakuna sauti. Wakapiga makofi, na viganja vikasimama karibu kabisa bila kugusana. Mimi na mwenzangu tukabaki tunasikiliza nzi. Wimbo ulikuwa mrefu. Walimaliza wote kwa pamoja, sijui waliujuaje mwisho.

"Bwana," mwenzangu akaniambia tukitoka, "mimi iko nauliza. Hawa watu... iko hai?"

"Wanakula karanga," nikamwambia. "Mfu hali karanga." Lakini jioni ile tulifunga mlango mapema.

Nilimuuliza Haboba. Alinijibu kama mtu anayeeleza kwa nini anavaa viatu. Wakati wa vita waliokuwa wanakuja walikuja kwa kufuata sauti: wanasikiliza kwanza, halafu wanafuata. Mbwa akibweka, wanakuja. Jogoo akiwika porini mahali pasipo na nyumba, wanajua hapo pana watu. Kwa hiyo waliua mbwa, wakala majogoo, wakajifunza kukaa bila sauti. Miaka ikapita wakiwa hivyo.

"Lakini vita vimekwisha, Haboba."

"Mm," akasema. "Vilikwisha na mara nyingine. Halafu vikarudi."

Mlangoni kwake, upande wa ndani, kulikuwa na furushi limefungwa kwa kamba. Nikachungulia nyumba nyingine kidogokidogo. Kila mlango una furushi lake.

Na wale kuku? Walistawi. Matetea wakataga, wakaatamia, vifaranga vikaanza kukimbia huku na huku. Majogoo walikuwa wanene, wenye mkia wa kiaskari. Lakini hawakuwika. Siku ya kwanza nilidhani wamechoka na safari. Baadaye nikawa naamka mapema kuwasikiliza. Kimya. Nikamwambia mwenzangu ndugu zake wa Uganda hawajui lugha ya huku, wanaona haya. Mpaka jioni moja nikaona sababu.

Haboba alikuwa anazunguka na makapu. Makapu ya majani, mapana lakini mafupi, urefu wa kiganja cha mkono labda. Anamkamata jogoo, anamlaza, anamfunika, juu anaweka jiwe. Anakwenda kwa mwingine. Nikamwuliza ni nini, akaniita nichungulie pembeni. Jogoo alikuwa amechuchumaa mle ndani, jicho limetutazama.

"Jogoo hawiki mpaka anyooshe shingo," akanong'ona. "Hapa hawezi kunyoosha. Hana maumivu. Analala, na sisi tunalala."

Nikaona ni akili. Kusema kweli nikaona pia nywele zimenisimama, maana lile jicho la jogoo lilikuwa linanitazama mimi.

Siku zile nilianza kumsumbua Haboba juu ya madam. Nikamwambia, Haboba, mwisho wa mvua yule mama atakuja, atawauliza kama mnatutaka. Lazima mjibu kwa sauti. Msiponijibia, tunarudishwa Juba. Nilisema kwa mzaha mzaha, lakini haikuwa mzaha. Juba nilikuwa mtu wa kuchaji simu. Pale nilikuwa mjukuu wa mtu. Na Haboba magoti yake yalikuwa yamekwisha, kabla hatujaja alikuwa anakwenda mtoni kwa kutambaa sehemu ya mteremko. Niliiona ile njia, imelainishwa na mtu anayejiburuza amekaa.

Yeye hakuuliza habari ya maji. Aliuliza kitu kimoja tu. "Ukirudi Juba, nani atakwenda kuangalia?"

"Kuangalia nini? Mbuzi?"

Akanitazama kama mtu aliyeongea na ukuta, akaendelea kuchambua mtama.

Mvua zikaisha. Madam akatuma mbao, waya na bati, na ujumbe kupitia dereva: kabla hajafika tujenge banda la kisasa, la kusimama, wageni wanataka kuona na kupiga picha. Mwenzangu alikuwa amefanya useremala kidogo Uganda. Tukajenga banda kweli, refu, mtu anaingia bila kuinama, lina vijiti vya kuku kulalia, lina kufuli kwa ajili ya nguchiro. Wazee walikuja kulitazama jioni, wakaligusa mbao, wakanong'onezana. Haboba alikuja na makapu yake, akakuta tumeshafunga.

"Leo walale kizungu," nikamwambia. "Kesho asubuhi wageni wanakuja, wakute kila kitu tayari."

Alibaki amesimama na yale makapu yamepangana mkononi. Akaangalia juu kwenye bati, akaangalia vijiti. Nadhani alikuwa anapima shingo. Akaondoka.

Alfajiri jogoo akawika.

Nilikuwa nimelala chali. Sauti ilipasua hewa kama shuka mpya inavyochanika. Mwenzangu akaketi. "Amejifunza!" akasema, tukaangua kicheko, na wa pili naye akajibu, na wa tatu, wale majogoo walikuwa na deni la miezi na wakalilipa lote pale pale. Tukacheka mpaka machozi. Halafu tukanyamaza, na tukasikia kitu kama upepo katika nyasi. Ukapita pembeni ya nyumba yetu, ukaenda. Ukaisha.

Tulipotoka nje mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Hakukuwa na mtu.

Chungu cha Haboba kilikuwa kinachemka juu ya mawe. Uwanja wa jirani ulikuwa umefagiwa nusu, na ufagio umelala pale pale mstari ulipokatika. Kiti kimeanguka. Mzee mmoja, ambaye tangu tufike hatujamwona akisimama bila fimbo mbili, fimbo zake zote mbili zilikuwa chini mlangoni. Nikaingia nyumba hii, nikaingia ile. Mafurushi hayapo. Mahali pa furushi pamebaki duara safi bila vumbi.

"Fimbo iko hapa," mwenzangu akasema polepole. "Yeye iko wapi?"

Nikaita, "Haboba!" Sauti yangu ikazunguka zile nyumba ikanirudia, na nikajuta kuita. Majogoo wakawika tena.

Mwenzangu akaingia ndani akaanza kufunga begi. "Mimi iko narudi Juba leo. Leo leo. Gari ikija, mimi iko ndani."

Na gari likaja, jua limepanda kidogo; usiku walikuwa wamelala njiani. Madam akashuka na wageni wake wawili, mwanamume na mwanamke, wana kofia na chupa za maji. Madam akaona banda, akafurahi. Akaona vifaranga, akafurahi zaidi. Halafu akaangalia huku na huku.

"Vijana, hongera. Wazee wako wapi?"

"Wamekwenda kanisani, madam."

"Leo ni Jumatano."

"Ni watu wa kuomba sana."

Alinitazama. Yule mwanamke mgeni alikuwa amesimama karibu na chungu cha Haboba kilichokuwa kinachemka peke yake, na nilimwona akirudi nyuma hatua moja. Madam akanivuta pembeni. "Sikiliza. Nimewatoa hawa watu mbali. Nikikuta hakuna mtu wa kusema kitu, nitaandika nini? Kwamba kijiji kiliwakimbia?"

Neno hilo lilinichoma kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikamwambia anipe muda kidogo, nikaenda kuwatafuta.

Alama zilikuwa za mtu mmoja. Nyuma ya nyumba ya mwisho, nyayo zimefuatana, zimezama sana kama za mtu mzito kuliko watu. Nikazifuata. Zikaingia kwenye matete marefu kuliko mimi, zikapinda, zikashuka kwenye korongo kavu. Nilikuwa natembea na kuongea peke yangu, nikitoa mizaha, halafu hata mizaha ikaanza kunitisha, nikaacha.

Nilikaribia kuwakanyaga. Walikuwa wameketi chini kando ya korongo, mstari mmoja, magoti yamekunjwa, mafurushi kifuani, nyuso zinatazama ardhi. Hawakutikisika. Yule mzee wa fimbo alikuwepo, amekaa wima kama kijana. Jani likianguka begani mwa mtu, linakaa. Na hawakuwa wamekaa karibu karibu. Kati ya mtu na mtu kulikuwa na nafasi, mahali pengine ya mtu mmoja, mahali pengine ya watu watatu, na hizo nafasi ardhi yake ilikuwa imesuguliwa laini sawasawa na pale walipokaa wao.

Haboba alikuwa karibu na mwisho. Pembeni yake palikuwa na nafasi. Alininyakua mkono akanivuta chini hapo, na kabla sijasema kitu kiganja chake kikafunika mdomo wangu wote, na karibu pua nayo. Kilinuka moshi. Mwili wangu ulikijua kile kiganja. Sijui nieleze vipi. Mimi sikumbuki kitu cha utotoni kabla ya kambi, lakini ule mkono mdomo wangu uliukumbuka, nikatulia kama kifaranga.

Tulikaa. Baadaye alilegeza kidogo, akaninong'oneza sikioni.

"Hapa alikaa mama yako. Wewe hukunyamaza. Nilikufunika hivi, ukawa unabadilika rangi, nikitoa mkono unalia. Wengine hawakusema kitu. Walitutazama tu. Usiku ule akakubeba akaenda nawe, mbali, ili upate mahali pa kulia."

Kumbe maneno ya mama hayakuwa mzaha. Ni huo mdomo ulituleta huku.

Nikamwambia, kwa kunong'ona kwa mara ya kwanza tangu nifike, "Haboba, hakuna kitu nyumbani. Ni jogoo tu. Turudi, wageni wanangoja."

"Umekwenda kuangalia?"

"Natoka hukohuko!"

"Mikono."

Nikampa mikono. Akaifungua viganja, akavitazama, akavigeuza. Safi. Akatikisa kichwa, na mstari mzima ukatikisa kichwa, hata wale wa mbali ambao sikujua kama walikuwa wanaona.

Mzee wa fimbo ndiye alinieleza, midomo yake haikufungua sana. Anayetumwa kuangalia ni mwenye miguu. Anapita kila nyumba, anatia mkono kwenye majivu ya kila jiko. Jivu likiwa la vuguvugu na halijavurugwa, hakuna aliyefika. Likiwa limemwagiwa maji au limekanyagwa, hapo kuna mtu. Anarudi na majivu mikononi, kila mwenye nyumba anashika la kwake, wanainuka. Bila hivyo hakuna anayeinuka.

"Na kama hakuna mwenye miguu?"

"Tunakaa," akasema. "Tangu nyinyi wenye miguu mlipokwenda tunakaa tu. Mpaka usiku. Mara nyingine mpaka usiku wa pili. Kuna waliokaa wakalalia ubavu, hatukujua mpaka tulipoinuka."

Nikaziangalia zile nafasi tena.

Basi nikaenda kuangalia. Nilirudi kijijini nikipita nyayo zilezile, na nikaanza nyumba ya kwanza. Madam na wageni walikuwa wamekaa kivulini mwa gari wakanitazama natoka mlango huu naingia ule, napiga magoti, natia mikono jikoni.

"Unafanya nini wewe?" Madam akaita.

"Naangalia, madam."

"Unaangalia nini?"

 Nikaendelea. Jivu la vuguvugu. Jivu la vuguvugu. Hili moto bado upo, nikaungua kidole. Mwenzangu alikuwa amekaa juu ya begi lake ananitazama, macho makubwa. Majogoo wakawika tena nyuma yangu na safari hii mimi mwenyewe niliinamisha kichwa.

Nilipomaliza niliona nimebakisha kitu. Nyuma ya nyumba ya Haboba kulikuwa na nyumba iliyoanguka. Paa limelala chini, kuta zimeyeyuka, majani yameota ndani. Tulikuwa tukichukua nyasi kavu hapo za kuwashia moto. Kila jiko, alisema mzee. Nikainama nikapenya chini ya paa. Mawe matatu yalikuwepo, katikati kuna majivu. Nikatia mkono nikijua ni baridi, kama kutia mkono kaburini.

Yalikuwa ya vuguvugu.

Nilitoka pale kinyumenyume.

Korongoni wakanishika viganja mmoja mmoja, mstari mzima. Kila mmoja alichovya kidole, akanusa, akafumba macho, akainuka. Wakaanza kurudi. Nikabaki na Haboba wa mwisho. Nikamwonyesha ncha za vidole vya mkono wa kushoto, nilikuwa nimezitenga.

"Hili la nyumba iliyoanguka," nikamwambia. "Nani anawasha moto mle?"

"Mimi."

"Hakuna mtu mle, Haboba."

"Mngerudi mkakuta jiko baridi, mngejua mnangojwa?" Akachovya kidole chake, akakipitisha kwenye paji langu la uso. "Hiyo nyumba ni yako. Nilikuwa nangoja uniulize."

Kijijini wazee walisimama mbele ya gari, mafurushi bado mikononi. Wageni walisimama pia. Madam akaeleza kwa upole sababu ya safari, mimi nikatafsiri. Akauliza, mnataka hawa vijana wabaki? Wazee wakajibu. Wote, kwa pamoja, kwa urefu, kama ile Jumapili. Yule mgeni mwanamume akainamisha sikio.

"Sauti, tafadhali," madam akasema.

Wakarudia. Midomo ikaenda.

"Wanasema nini?" akaniuliza mimi. "Nilitaka waseme wenyewe."

"Wanasema wenyewe, madam. Hii ndiyo sauti yao. Sogea."

Akasita. Halafu akavua kofia akaenda, akaweka sikio lake karibu kabisa na mdomo wa Haboba. Haboba akamwambia, kwa Kiarabu cha Juba ili asikie bila mimi, neno moja akilirudia rudia: akae, akae hapa, akae. Yule mzee wa fimbo naye. Na mwingine. Madam alipita mstari wote hivyo, sikio kwa mdomo, na alipofika mwisho alikuwa na majivu shavuni na hakuyafuta.

"Na kuku?" akaniuliza, akijitahidi kurudi kwenye kazi.

"Kuku wabaki. Banda tutaligeuza liwe la mbuzi."

Mwenzangu alipanda gari. Sikumlaumu. Alinikumbatia akaniambia, "Wewe iko na moyo wa jiwe," nikamwambia basi tupate mawili mengine tupike. Alicheka kwa sauti, gari likaondoka na kicheko chake, na nikakisikiliza mpaka kikaisha.

Jioni ile Haboba aliwafunika majogoo wote. Alfajiri hakuna aliyewika. Lakini mimi niliamka, na nilipotoka nje niliwakuta. Kila mzee ameketi mlangoni kwake, furushi mapajani, ananitazama. Hawakuniambia kitu. Wamekaa tu, mlango kwa mlango, katika ule mwanga wa kijivu.

Nikaenda kuangalia. Jiko kwa jiko, na la mwisho chini ya paa lililoanguka, ambalo nilikuwa nimelikokea mwenyewe usiku. Nikarudi katikati na mikono juu, myeusi mpaka kwenye viwiko, na wakaja kushika. Nilipokuwa nimezungukwa hivyo nikaona siwezi kuvumilia tena, nikatoa mzaha. Nikawaambia kule Juba nilikuwa natia moto kwenye simu za watu, na huku wamenipandisha cheo, natia mkono kwenye moto wa watu. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo kuliko nilivyokusudia. Ilikuwa ya kwao.

Na wakacheka. Midomo wazi, macho yamefinywa, mabega yanatikisika, wazee wote wale wamenishikilia mikono na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Haboba alicheka mpaka furushi likamponyoka. Likaanguka chini, na akaliacha hapo.